Kutoka Paris Hadi Vilindini: Safari ya Sanaa ya Ndoto Katika Zama za Tabianchi

Jumamosi ya tarehe 17 Oktoba 2009, Rais Mohamed Nasheed wa Maldivi aliitisha kikao cha Baraza la Mawaziri chini ya bahari. Meza zilishushwa hadi kwenye mchanga, mita chache chini ya maji, karibu na kisiwa cha Girifushi. Mawaziri wakavaa suti za kuzamia, wakajifunga mitungi ya hewa mgongoni, wakashuka na kuketi kila mmoja mahali pake. Walizungumza kwa ishara za mikono. Kisha wakatia saini, kwa kalamu zisizoharibiwa na maji, tamko la kuyataka mataifa yapunguze hewa ukaa. Mkutano wa tabianchi wa Copenhagen ulikuwa umebakiza miezi miwili.

Picha za kikao hicho zilizagaa duniani kote: bendera ya taifa imesimikwa mchangani, samaki wanapita kati ya rais na mawaziri wake. Shughuli yenyewe ilikuwa ya siasa, lakini aliyewahi kutazama michoro ya Salvador Dalí au Max Ernst aliutambua mtindo wake mara moja. Meza, karatasi na saini ni vitu vya kawaida kabisa. Viweke mahali visipostahili kuwapo, akili itashtuka. Maldivi ni nchi ambayo takriban asilimia 80 ya ardhi yake haifiki mita moja juu ya usawa wa bahari. Kwa raia wake, kikao kile kilikuwa taarifa ya habari iliyowahi kabla ya wakati.

Mtindo huo wa kushtua una historia yake, nayo ilianzia mbali na bahari.

Oktoba 1924, jijini Paris, mshairi André Breton alichapisha ilani ya kundi lililojiita wasurrealisti. Breton alikuwa amesomea udaktari, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alihudumu hospitalini miongoni mwa askari walioharibika akili kwa mizinga. Aliyoyaona yalimwachia swali zito. Kama watu wenye akili timamu, wenye vyeo na mahesabu, ndio walioipeleka Ulaya kwenye mahandaki, basi akili hiyo timamu ina thamani gani? Yeye na wenzake wakageukia ndoto. Walitaka mshairi aandike kabla hajafikiri na mchoraji achore kabla hajachagua, ili kilichofichika ndani ya mtu kijitokeze chenyewe. Wakati huo hakuna kati yao aliyewaza habari za hali ya hewa. Adui yao alikuwa vita, pamoja na ustaarabu uliovizaa vita hivyo.

Hata hivyo, mmoja wao aliacha picha ambayo leo ni vigumu kuitazama bila kufikiria mazingira. Max Ernst, Mjerumani aliyeishi Ufaransa, aliwekwa kizuizini na Wafaransa vita vya pili vilipozuka, kwa kuwa tu alizaliwa upande wa adui. Wanazi walipoingia, nao wakawa wanamtafuta. Mwaka 1941 alifanikiwa kukimbilia Marekani, na huko, mwaka 1942, akakamilisha mchoro aliouanza akiwa Ufaransa: *Europe After the Rain II*. Alipaka rangi mbichi, akaigandamiza kwa kioo au karatasi, kisha akaibandua. Rangi iliachwa na vishimo, mikunjo na matundu, naye akayafuata hayo kwa brashi hadi yakawa majabali, mifupa na magofu. Katikati anasimama kiumbe mwenye kichwa cha ndege aliyeshika mkuki, na mwanamke aliyempa kisogo. Ernst alikuwa anachora bara lililoteketezwa na vita. Mzamiaji wa leo aliyewahi kupita juu ya mwamba wa matumbawe yaliyokufa atadhani mchoraji alikuwa chini pamoja naye.

Mwaka 1938, miaka miwili tu kabla Ernst hajaanza mchoro huo, mhandisi wa mitambo ya mvuke huko Uingereza aitwaye Guy Callendar alichapisha makala yake. Alikusanya vipimo vya joto kutoka vituo vingi vya dunia na kuonyesha kwamba nchi kavu ilikuwa inapata joto, na kwamba moshi wa makaa ya mawe na mafuta ulikuwa na mkono wake katika jambo hilo. Wataalamu wa hali ya hewa walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaendelea na shughuli zao. Hivyo hesabu na picha zilikuwapo tayari, kila moja kivyake. Ilichukua zaidi ya nusu karne kuzikutanisha.

Usurrealisti uliingia nchi za joto kwa meli. Machi 1941 meli *Capitaine Paul-Lemerle* iliondoka Marseille ikiwa imejaa wakimbizi, Breton miongoni mwao. Alikuwamo pia mchoraji Wifredo Lam, Mkuba ambaye baba yake alikuwa Mchina na mama yake mwenye asili ya Kiafrika. Meli ilitia nanga Martinique, na huko Breton akakutana na Aimé na Suzanne Césaire, walimu na waandishi waliokuwa wanaanzisha jarida lao, *Tropiques*. Mgeni alistaajabu: alichokuwa anakihubiri Paris, hapa kilikuwa kinaandikwa na watu wasiohitaji ruhusa yake.

Lam alirudi Cuba na mwaka 1943 akachora *La Jungla*. Katika mchoro huo miguu ya watu inaota kama miwa, nyuso ni barakoa, na huwezi kusema shamba linaishia wapi na mwili unaanzia wapi. Miwa ndiyo iliyofyeka misitu ya visiwa vile, na miwa ndiyo iliyowaleta mababu wa Lam kutoka Afrika wakiwa na minyororo. Hapo sanaa ya ndoto ilipata kitu ambacho Paris haikuwa nacho: mwanadamu na mazingira yake wameumizwa kwa panga moja.

Ni katika visiwa vya ukanda huo huo ambako, miaka 60 baadaye, hadithi yetu inaingia majini. Tarehe 7 Septemba 2004 Kimbunga Ivan kiliipiga Grenada. Watu 39 walipoteza maisha, na takriban nyumba tisa kati ya kila kumi ziliharibiwa au kubomolewa. Chini ya bahari, mawimbi yalivunjavunja miamba ya matumbawe. Vimbunga vilikuwapo tangu zamani, lakini nguvu zao hutoka kwenye joto la maji, na maji hayo yanazidi kupata joto.

Mwalimu wa uzamiaji aliyekuwa anaishi kisiwani humo, Jason deCaires Taylor, mtoto wa baba Mwingereza na mama wa Guyana, alikuwa amesomea uchongaji wa sanamu London. Alianza kuzamisha sanamu katika ghuba ya Molinere, na mwaka 2006 eneo hilo likafunguliwa kwa wageni. Kazi yake inayojulikana zaidi pale ni *Vicissitudes*: watoto 26 wa saruji wameshikana mikono na kuunda duara, nyuso zao zikitazama nje, kwenye mkondo wa maji. Sanamu hizo zilitengenezwa kwa kalibu zilizochukuliwa kutoka kwa watoto halisi wa kisiwani.

Watu wengi waliozamia pale waliwaona Waafrika waliotupwa baharini kutoka kwenye meli za watumwa. Msanii alisema hakukusudia hilo. Alitaka kuonyesha jinsi mtoto anavyofinyangwa na mazingira anamokulia. Lakini bahari ile ina kumbukumbu zake, na sanamu ikishatoka mikononi mwa mchongaji haimwombi ruhusa ya kumaanisha.

Ufundi wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Saruji ya kawaida ina ukali wa kemikali unaofukuza viumbe wa baharini, kwa hiyo Taylor hutumia saruji maalumu isiyobadilisha maji, tena huacha uso wa sanamu ukiwa na mikwaruzo. Viluwiluwi vya matumbawe huelea baharini vikitafuta mahali pagumu pa kushika. Penye mikwaruzo hushika, penye utelezi hupita. Baada ya wiki chache sanamu huvaa utando wa mwani. Baada ya miezi, sifongo wekundu na wa manjano hujitokeza mabegani, matumbawe madogo huota kwenye nyusi, na samaki hujificha kwapani. Baada ya miaka sura ya mtu haitambuliki tena. Ernst aliiachia rangi ijichoree yenyewe kwa dakika chache, kisha akashika brashi. Taylor anaiachia bahari kazi yote, naye hana mamlaka juu ya mwisho wake.

Mwaka 2009 kazi hiyo ilihamia Mexico. Wasimamizi wa hifadhi ya bahari ya Cancún walikuwa na tatizo la wageni: mamia kwa maelfu walikuwa wanakanyaga na kushika miamba ya asili. Pamoja na Taylor wakaanzisha makumbusho ya chini ya maji, MUSA, ili sehemu ya umati huo ivutwe kwingine na miamba ipumzike. Sanamu zaidi ya 400 zilisimamishwa pamoja katika kazi iitwayo *The Silent Evolution*. Ni umati wa watu wa kawaida, wengi wakiwa wakazi wa kijiji cha wavuvi cha Puerto Morelos, kuanzia mtoto mdogo hadi mtawa mzee. Wanasimama wima kwenye mchanga kana kwamba wanasubiri kuitwa majina.

Jirani na umati huo kuna wanaume waliovaa suti, wamepiga magoti na kufukia vichwa vyao mchangani, mikoba yao ya kazi ikiwa pembeni. Hao ni wanabenki. Kuna pia gari dogo la Volkswagen, lile ambalo Afrika Mashariki tulilizoea kwa mgongo wake wa kobe, limetengenezwa kwa saruji na ndani yake wanaishi kamba koche. Kazi hiyo inaitwa *Anthropocene*, yaani zama ambazo binadamu ndiye anayeiamulia dunia hali yake. Mtoto amejikunja juu ya kioo cha mbele. Gari lililotoa moshi sasa ni nyumba ya viumbe wa baharini, na mtoto hana pa kulala pengine.

Septemba 2015 Taylor aliwapelekea ujumbe huo watawala. Katika mto Thames, London, karibu na Vauxhall na si mbali na Bunge la Uingereza, alisimamisha farasi wanne. Mahali pa kichwa, kila farasi alikuwa na pampu ya kuvutia mafuta ya petroli. Juu yao walikaa wanaume wawili wenye suti na vijana wawili. Maji ya mto huo hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwa hiyo farasi walizama na kuibuka na kuzama tena mbele ya macho ya wabunge. Kazi iliitwa *The Rising Tide*. Miezi mitatu baadaye mataifa yalikubaliana jijini Paris kujitahidi kuzuia joto lisizidi nyuzi 1.5 juu ya kiwango cha kabla ya viwanda. Hakuna anayeweza kusema farasi wale walimbadilisha mjumbe hata mmoja. Walifanya kitu kidogo zaidi: kwa mwezi mzima, mtu aliyevuka daraja kwenda kazini hakuweza kujifanya hajaona.

Kisha sanaa hii ikafika Maldivi, mahali ilipotarajiwa kupokewa kwa mikono miwili. Rais Nasheed hakuwapo tena. Aliondoka madarakani tarehe 7 Februari 2012 katika mazingira ya mvutano mkubwa, na siku hiyo hiyo kundi la watu likaingia katika Makumbusho ya Taifa jijini Malé na kuvunja sanamu za kale za Kibuddha. Mwaka 2016 bahari ilipata joto kali na zaidi ya asilimia 60 ya matumbawe yaliyochunguzwa nchini humo yalipauka. Katikati ya 2018, katika kisiwa cha hoteli cha Sirru Fen Fushi, Taylor alifungua *Coralarium*. Lilikuwa jengo la chuma lenye matundu, nusu ndani ya maji na nusu nje, na lilibeba sanamu takriban 30 za viumbe waliokuwa nusu watu, nusu mimea na matumbawe.

Malalamiko yalianza mapema. Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa uzito wa sanamu ya mtu katika nchi ya Kiislamu; mjadala huo ni wa kweli, na waliopinga hawakuwa wote wanasiasa. Lakini wakati nao ulikuwa wa uchaguzi. Mahakama iliamua kwamba sanamu hizo ni tishio kwa umoja wa Kiislamu na amani ya nchi. Tarehe 21 Septemba 2018, siku mbili kabla ya kura, polisi walifika na sururu, misumeno na kamba. Waliangusha sanamu moja baada ya nyingine na kuacha fremu ya chuma imesimama. Rais Abdulla Yameen alishindwa uchaguzi huo. Bahari iliyokuwa ikitishia visiwa hivyo haikupewa hukumu yoyote.

Tukio hilo ni somo kwa yeyote anayetaka sanaa iseme juu ya tabianchi. Nasheed alieleweka kwa sababu alitumia miili ya viongozi waliofahamika na wananchi. Taylor alikuja na lugha ambayo sehemu ya wenyeji waliiona kama tusi kwa imani yao, tena ndani ya hoteli ambayo mwananchi wa kawaida haingii. Sanaa ya ndoto humshika mtu pale tu inapoota ndoto ambazo watu wenyewe wanaziota.

Afrika ina mifano ya kutosha ya jambo hilo. Mwaka 2013, jijini Dakar, mpiga picha Fabrice Monteiro, mwenye asili ya Benin na Ubelgiji, alianza mfululizo alioupa jina *The Prophecy*. Akishirikiana na mbunifu wa mavazi Doulsy, aliwavisha watu magauni makubwa yaliyoshonwa kwa takataka za mahali penyewe. Katika dampo la Mbeubeuss anainuka jini wa kike, vazi lake likiwa lundo la mifuko na makopo likiteremka na kuungana na jaa lote. Monteiro alichagua majini kwa sababu Wasenegali wanawajua. Aliona kwamba takwimu za uchafuzi hazimshtui mtu, lakini jini aliyetumwa na dunia kuja kulalamika atasikilizwa, hata na mtoto.

Kenya nayo ilikuwa imekwisha kusema. Filamu fupi ya Wanuri Kahiu, *Pumzi*, ya mwaka 2009, inaanzia miaka 35 baada ya Vita vya Maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa. Jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena, na umeme huzalishwa na wakazi wenyewe wakiendesha mashine za mazoezi. Kila mtu hupewa vidonge vya kuzuia ndoto. Asha, mtunza makumbusho, anasinzia na kuuona mti. Papo hapo mashine inagundua ndoto yake na kumwamuru ameze dawa. Baadaye anatumiwa kisanduku cha udongo wenye unyevu. Anapanda mbegu, inachipua, anatoroka nayo jangwani, na mwisho anaunywesha mche ule tone lake la mwisho la maji. Breton alidai uhuru wa kuota mbele ya jamii iliyomdharau tu. Kahiu aliiona serikali ambayo ingeifanya ndoto kuwa kosa, kwa kuwa anayeota mti ataanza kuuliza miti ilikwenda wapi.

Mwenzake wa Nairobi, Wangechi Mutu, ambaye kazi zake za kubandika vipande vya picha zilishajulikana Marekani, alitoa mwaka 2013 filamu ya dakika nane, *The End of eating Everything*, akishirikiana na mwimbaji Santigold. Kichwa ni cha mwanamke mwenye nywele zinazofurukuta kama nyoka. Mwili ni mkubwa kama sayari, una vidonda na magurudumu, na unatoa moshi. Anakutana na kundi la ndege, anawala, kisha anapasuka. Miaka miwili baadaye, katika maonyesho ya Venice, Mutu mwenyewe alicheza mwanamke anayetembea na kikapu kichwani. Kila hatua mzigo unaongezeka, maghorofa na madishi ya setilaiti, hadi ardhi inammeza.

Wasanii hawa hawakulazimika kujifunza ndoto Paris. Wachongaji wa Kimakonde waliofanya kazi Dar es Salaam walikuwa wakichonga mashetani ya mpingo tangu karibu na uhuru, na Samaki Likankoa, aliyetoka Msumbiji, ndiye anayetajwa kuwa muasisi: viumbe wa jicho moja, matumbo wazi, viungo vilivyopotoka. Euphrase Kezilahabi alichapisha *Nagona* mwaka 1990 na *Mzingile* mwaka 1991, riwaya zilizoacha njia ya uhalisia na kuingia kwenye njozi. Zana tunazo, na ni za kwetu.

Swali ni tumezitumia wapi. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Bahari ya Hindi magharibi, kuanzia Malindi na Watamu hadi Mafia. Wavuvi waliliona kwenye nyavu zao. Ni michoro mingapi ya tukio hilo inayoning'inia katika maduka ya sanaa ya Mombasa, Bagamoyo au Unguja? Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za bei nafuu juu ya mbao, na wafuasi wake wameijaza dunia tembo, twiga na Mlima Kilimanjaro wenye kofia nene nyeupe. Mwaka 1912 barafu ya mlima huo ilifunika takriban kilometa za mraba 11. Kufikia 2011 ilibaki chini ya kilometa mbili za mraba. Wataalamu wanabishana juu ya mchango wa joto na ule wa ukavu wa hewa, lakini kwamba barafu inakwisha hakuna anayebisha. Ule mchoro tunaomuuzia mtalii kama picha ya kawaida ya nchi yetu ndio sasa mchoro wa njozi.

Sanaa haitapunguza tani hata moja ya hewa ukaa, na sanamu za saruji hazichukui nafasi ya mwamba hai. Kazi yake ni kutuondolea mazoea, maana janga hili linaenda polepole kiasi cha kuzoeleka. Kwa hiyo, mchoraji wa Tingatinga, mchongaji wa mpingo, mwalimu wa sanaa wa sekondari: choreni Kilimanjaro kama ulivyo leo, na mwamba wa Mafia kama mvuvi anavyouona. Mashetani wenu wataelewa la kufanya.